Kupata nakala za hati za ardhi Tanzania Bara: kuanzia upekuzi hadi hati mpya

Hati ikipotea, ikiungua au ikiliwa na mchwa, miliki yako haijafutika. Haki yako juu ya kiwanja imeandikwa kwenye daftari la Msajili wa Hati, na karatasi uliyokuwa nayo kabatini ni ushahidi wa kile kilichomo kwenye daftari hilo. Kazi ya kutafuta nakala, basi, ni kazi ya kulifikia daftari, kuhakikisha linasoma nini, na kutoka hapo kuomba karatasi ya aina unayoihitaji. Wanaohangaika miezi na miezi mara nyingi wameanza na mkia: wameshakwenda polisi, wameshaapa kwa wakili, wameshalipia tangazo, ndipo wanagundua kwamba namba ya hati waliyoandika si yao, au kwamba kiwanja bado kinasomeka kwa jina la aliyewauzia.

Yaliyomo hapa ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ardhi (Sura ya 113), Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Sura ya 114) na Sheria ya Usajili wa Ardhi (Sura ya 334). Zanzibar ina sheria na ofisi zake za ardhi. Fomu na taratibu za huku hazitumiki huko.

Unataka nakala ipi?

Neno "nakala" linabeba vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina mlango wake.

Cha kwanza ni kopi iliyogongwa muhuri na wakili. Unakwenda na hati halisi pamoja na kopi yake, wakili analinganisha, kisha anagonga muhuri na kusaini kwamba kopi inafanana na halisi aliyoiona. Hii inatosha kwa matumizi mengi: maombi ya kibali cha ujenzi, kuambatisha kwenye mkataba wa upangaji, kuonyesha mahali fulani kwamba una mali. Haithibitishi kwamba hati yenyewe ni ya kweli. Wakili hajaangalia daftari. Ameangalia karatasi mbili mezani kwake. Kama wewe ndiye mnunuzi, usilipe hata senti kwa kuona muhuri huo.

Cha pili ni nakala iliyothibitishwa na Msajili wa Hati. Hii inatoka kwenye kumbukumbu za ofisi yenyewe, kwa hiyo inaeleza kilichosajiliwa. Mahakama na Mabaraza ya Ardhi huipa uzito, na ndiyo ya kuomba pale unapokuwa na kesi au mgogoro, au unapotaka nyaraka ya muda mrefu uliopita kama fomu ya uhamisho wa miliki au ya rehani iliyokwisha kufutwa.

Cha tatu ni hati mpya badala ya iliyopotea. Hapa huombi kopi. Unaomba Msajili aiondolee nguvu hati ya mwanzo na kukutengenezea nyingine. Utaratibu wake ndio mrefu kuliko yote, na una sababu ya kuwa mrefu: hati halisi ikiwa mkononi mwa mtu mwingine, inaweza kutumika kukopea au kuuzia.

Kama hati yako haijapotea na unahitaji tu karatasi ya kuambatisha, ishia kwa wakili. Kila siku kuna watu wanaopanga foleni kwenye Ofisi ya Ardhi kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa dakika chache.

Kusanya namba kabla ya kutoka nyumbani

Ofisini hawatafuti kwa sura ya mtu wala kwa maelezo ya "kile kiwanja karibu na msikiti". Wanatafuta kwa namba. Zinazohitajika ni hizi:

- Namba ya hati, ile inayoanza na C.T. au inayoandikwa "Hati Na." juu ya ukurasa wa kwanza.
- Namba ya jalada la ardhi, L.O. au L.D. Namba hii ni tofauti na ya hati, na kuzichanganya ndilo kosa linalorudisha maombi mengi kuliko yote.
- Namba ya kiwanja, kitalu na eneo, kwa mfano Kiwanja Na. 114, Kitalu "C", na jina la mtaa kama lilivyoandikwa kwenye ramani ya mipango miji. Jina la kwenye ramani huenda si lile mnalolitumia mtaani.
- Namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa.
- Jina la mmiliki, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye hati.

Kwenye hati za mfumo wa zamani, ukurasa wa jedwali mwishoni unaeleza ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba na kutaja namba ya ramani ya upimaji iliyowekwa kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Ramani ya hati iliyobandikwa nyuma inaonyesha mipaka ikiwa imezungushiwa mstari mwekundu. Ukiwa bado unayo hati, piga picha kurasa zote, na ramani hiyo usiiache. Watu hupiga picha ukurasa wa kwanza pekee, na siku ya shida hukosa namba ya ramani.

Huna karatasi yoyote? Namba zina maficho mengi. Angalia risiti za kodi ya pango la ardhi, hata ya miaka mingi nyuma, kwa sababu bili ya pango hutolewa kwa kiwanja husika. Angalia barua ya toleo (ile ya kugawiwa kiwanja kabla hati haijatoka), mkataba wa mauziano, kibali cha ujenzi, faili la mkopo benki, au kopi iliyobaki kwa wakili aliyesimamia mauzo. Ikishindikana kabisa, nenda Idara ya Ardhi ya Halmashauri ukaonyeshe kiwanja kwenye ramani; namba ya kiwanja ikipatikana, jalada linaweza kufuatiliwa kuanzia hapo. Majirani waliopimwa pamoja nawe wanaweza kukusaidia pia, maana viwanja vya upimaji mmoja hukaa kwenye ramani moja na namba zake hufuatana.

Risiti za LUKU hazisaidii hapa. Kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme tangu 2021, na wapo wanaozitunza risiti hizo wakidhani ni ushahidi wa umiliki. Zinaonyesha kwamba mita ya nyumba hiyo imekatwa kodi, basi.

Ofisi gani?

Tangu 2020 mikoa ya Bara ina Ofisi za Ardhi za Mikoa, zenye Kamishna wa Ardhi Msaidizi na Msajili wa Hati Msaidizi. Unakwenda ya mkoa kilipo kiwanja, hata kama unaishi mkoa mwingine. Kwa hati za kabla ya hapo, usajili ulifanyika kwenye ofisi za kanda. Hati ya zamani ya kiwanja cha Arusha, kwa mfano, huenda ilisajiliwa Moshi. Herufi zilizo pembeni ya namba ya hati zinakuonyesha: DLR ni masjala ya Dodoma, MBYLR ni ya Mbeya. Ukiambiwa jalada halionekani, swali la kwanza la kuuliza ni kama kumbukumbu za hati za wakati huo zilihamishwa zote kutoka kanda kwenda mkoa. Usikubali jibu la "haipo" kabla ya hilo kujibiwa.

Halmashauri nayo ina yake: barua za toleo, majalada ya ugawaji, ramani za mipango miji, leseni za makazi (vibali vya muda mfupi vya kukalia ardhi isiyo na hati). Hati haisajiliwi Halmashauri, lakini mara nyingi safari ya hati ilianzia hapo.

Upekuzi: hatua ambayo hairukwi

Kabla ya kitu kingine chochote, fanya upekuzi rasmi. Sheria inaruhusu mtu kupekua daftari la ardhi kwa kulipa ada, hata kama si mmiliki. Ndiyo maana mke anaweza kupekua hati yenye jina la mumewe, na mnunuzi anaweza kupekua hati ya muuzaji bila kumwomba ruhusa.

Unajaza ombi la upekuzi kwa namba ulizokusanya, unaambatisha kitambulisho chako, na kopi ya hati kama ipo. Unapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, unalipa benki au kwa simu, unarudisha risiti. Malipo yote ya serikali hupita kwenye kumbukumbu namba. Anayekuomba fedha taslimu "akusaidie kulipia", au akupe namba ya simu yenye jina la mtu, ni kishoka, hata kama amesimama ndani ya geti la ofisi akiwa na bahasha mkononi. Jina litakalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo lilinganishe na taasisi unayoilipa.

Majibu ya upekuzi hukueleza mmiliki aliyesajiliwa, kiwanja, muda wa miliki, na mizigo iliyoko juu yake: rehani, zuio, amri ya mahakama. Yasome polepole. Haya ndiyo yanayojitokeza mara nyingi, na namna ya kuyachukulia.

*Jina si lako.* Ulinunua, mkaandikishana, ukakabidhiwa hati, lakini uhamisho haukusajiliwa. Kwa daftari, mmiliki ni yule wa zamani, na ni yeye mwenye haki ya kuomba hati mpya. Mtafute mapema, mkamilishe kwanza uhamisho. Kama amefariki, utashughulika na msimamizi wa mirathi yake. Hali hii ni ngumu kuliko kupotea kwa hati, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo inavyozidi kuwa ngumu, kwa sababu mashahidi wa mauziano nao wanaondoka.

*Kuna rehani.* Hati haijapotea. Iko benki, au mkopo ulikwisha lakini fomu ya kufuta rehani haikusajiliwa. Barua ya benki ya kusema mkopo umelipwa haiondoi rehani kwenye daftari. Inayoiondoa ni fomu ya kufuta rehani ikishasajiliwa na Msajili.

*Kuna zuio.* Mtu amedai ana maslahi kwenye ardhi hiyo. Hati mpya haitatoka huku zuio limekaa. Mjue aliyeliweka na sababu yake.

*Muda umekwisha.* Miliki hutolewa kwa miaka maalumu, na ya kawaida ni 33, 66 au 99. Hati za miaka 33 zilizotolewa mwishoni mwa miaka ya 1980 zimeshamaliza muda wake. Hapa usipoteze fedha kuomba hati badala ya iliyopotea. Zungumza na Ofisi ya Ardhi kuhusu kuhuisha miliki.

*Hakuna kumbukumbu.* Hili huwashtua watu, na lina sababu zaidi ya moja: umekosea namba, umekwenda masjala isiyo yake, hati iliandaliwa na kusainiwa lakini haikufikishwa kwa Msajili, au hati uliyonayo ni ya kughushi. Anza na ile sababu ya kwanza. Omba afisa atafute kwa namba ya kiwanja na kitalu badala ya namba ya hati, kisha kwa jina.

Kuomba nakala iliyothibitishwa

Hii ni fupi. Andika barua kwa Msajili wa Hati Msaidizi wa mkoa husika, ukitaja nyaraka unayoitaka kwa jina lake. "Naomba nyaraka zote" hurudishwa au hukaa. Mfano wa kiini cha barua unaofanya kazi:

"YAH: OMBI LA NAKALA ILIYOTHIBITISHWA YA HATI NA. ______, KIWANJA NA. ____ KITALU '__' ______. Naomba nakala iliyothibitishwa ya hati tajwa pamoja na fomu ya uhamisho iliyosajiliwa mwaka ____. Nakala hizi nazihitaji kwa ajili ya shauri namba ____ lililoko ______. Naambatisha majibu ya upekuzi ya tarehe ______ na nakala ya kitambulisho changu cha Taifa."

Weka namba ya simu, lipa kwa kumbukumbu namba, na pata nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo huna cha kufuatilia. Nakala ikitoka, hakikisha kila ukurasa una muhuri na saini, ramani ikiwemo. Nakala yenye muhuri ukurasa wa mwisho peke yake inaweza kupingwa barazani.

Hati imepotea kweli: hatua zake

*1. Tafuta kwanza.* Benki, kwa wakili, kwenye mkoba wa marehemu, kwa ndugu aliyewahi kusimamia ujenzi. Utakwenda kuapa kwamba umetafuta na hukuona, kwa hiyo kiapo kiwe cha kweli.

*2. Taarifa ya upotevu polisi.* Inatolewa kituoni au kupitia mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi. Hakikisha taarifa inataja namba ya hati, kiwanja na kitalu. Taarifa iliyoandikwa "hati ya nyumba" bila namba itarudishwa, na utakwenda kuomba nyingine.

*3. Kiapo.* Kinaapwa mbele ya wakili ambaye ni Kamishna wa Viapo, au mbele ya hakimu. Kiapo kizuri kinasema mambo matano: wewe ni nani na una uhusiano gani na ardhi hiyo; hati ni ipi kwa namba zake zote; mara ya mwisho ilikuwa wapi na iligundulika lini kwamba haipo; umeitafuta wapi; na kwamba haijawekwa rehani wala kukabidhiwa mtu yeyote kama dhamana. Kipengele cha mwisho ndicho Msajili anachokitazama kwa makini. Wakili akikuletea kiapo cha kunakili chenye majina ya watu wengine yaliyofutwa, mrudishie akiandike upya.

*4. Maombi kwa Msajili.* Ambatisha kiapo, taarifa ya polisi, majibu ya upekuzi, kitambulisho cha Taifa, picha za pasipoti ukitakiwa, risiti za kodi ya pango la ardhi na kopi ya hati kama ilibaki. Lipa malimbikizo ya pango mapema. Hati kupotea hakusimamishi pango, na deni la pango hukwamisha karibu kila ombi. Likikaa muda mrefu bila kulipwa linaweza kusababisha miliki kubatilishwa.

*5. Tangazo kwenye Gazeti la Serikali.* Msajili akiridhika, hutoa tangazo la upotevu wa hati chini ya Sura ya 334. Gharama ni za mwombaji. Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa, na tangazo lililochelewa kufikishwa kwa Mpigachapa Mkuu husubiri toleo jingine. Msajili anaweza kuagiza pia utangaze kwenye gazeti la kila siku.

Tangazo lenyewe ni fupi. Linataja mmiliki aliyeandikishwa, ardhi, namba ya hati na mwombaji, kisha Msajili anatamka kwamba anakusudia kutoa hati mpya iwapo hakutakuwa na kipingamizi katika muda wa mwezi mmoja tangu tangazo kuchapishwa, na kwamba hati ya asili ikionekana irudishwe kwake. Omba kusoma rasimu kabla haijapelekwa kuchapwa. Kitalu "B" kikiandikwa "D", au tarakimu moja ya hati ikiruka, tangazo hilo limehusu ardhi ya mtu mwingine. Utalipia jingine na mwezi utaanza kuhesabiwa upya. Siku gazeti linapotoka, nunua nakala mbili, moja ya kupeleka kwa Msajili na moja ya kubaki nayo.

*6. Mwezi wa kusubiri.* Unahesabiwa kuanzia tarehe ya gazeti, si siku uliyowasilisha maombi. Kipingamizi kikitokea, Msajili atasimamisha zoezi na mtatakiwa kumaliza mgogoro, mara nyingi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kisipotokea, rudi wewe na gazeti lako. Usingoje kupigiwa simu.

*7. Hati mpya.* Inaandaliwa, inasainiwa na kusajiliwa, na ya zamani inakuwa haina nguvu tena.

Hati iliyochanika, kulowa au kuliwa na mchwa ni jambo jingine. Usitupe vipande. Vipeleke vilivyo kwenye bahasha pamoja na maombi ya kubadilishiwa. Panaposomeka namba na muhuri, Msajili ana kitu cha kukifuta mkononi, na hilo hubadili uzito wa ombi lako lote.

Hati haijapotea, iko kwa mtu

Hapa ndipo watu wanapojiingiza matatani. Hati iko kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa shemeji aliyeishikilia baada ya ugomvi wa mirathi, kwa mume aliyehama nyumba, au kwa dalali aliyeichukua "kuipeleka kwa mteja". Anatokea mtu wa kukushauri: sema imepotea, upate nyingine. Usifanye hivyo. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na tangazo la Gazeti la Serikali limewekwa kwa ajili ya mtu huyohuyo aliyeishika. Ataleta hati halisi ndani ya ule mwezi mmoja, na wewe ndiye utakayetakiwa kujieleza.

Njia halali zipo. Andika barua ya kudai hati irudishwe, kupitia wakili ukiweza, ukiwa na shahidi wa kuikabidhi. Asiporudisha, fungua shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakamani. Wakati huohuo, kama unaogopa ardhi itauzwa au kukopewa, omba Msajili aweke zuio kwenye daftari. Zuio linaombwa kwa fomu na kiapo kinachoeleza maslahi yako, na ndilo linalokulinda wakati hati iko mbali nawe.

Hili tunalisisitiza hasa kwa wanandoa. Nyumba ya familia ina ulinzi wake kisheria: haiwekwi rehani wala kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Lakini ridhaa zinaghushiwa, na anayegundua baada ya uhamisho kusajiliwa huingia kwenye kesi ya miaka. Mke asiye na jina kwenye hati anaweza kupekua leo, akajua hali ya nyumba anayolala, na akaweka zuio kama ana sababu. Hahitaji kuwa na hati mkononi kwa lolote kati ya hayo.

Mmiliki amefariki

Warithi hawaombi hati moja kwa moja. Anayeomba ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na cheti cha kifo kutoka RITA na barua ya uteuzi. Kwa mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo, barua hiyo watu huiita Fomu Na. 4. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia kufungua mirathi, lakini kwa Msajili hautoshi hata ukiwa na saini za ukoo mzima.

Upekuzi unaweza kufanyika kabla ya mirathi kufunguliwa, na ni vizuri ufanyike, ili mali iingizwe kwenye orodha ikiwa na namba sahihi. Baada ya uteuzi, msimamizi husajiliwa kwenye daftari kama mwakilishi wa marehemu, halafu ndipo taratibu za hati iliyopotea zinaanza, yeye akiwa mwombaji. Wenye haraka hujaribu kuunganisha hatua hizi mbili na hurudishwa kwenye ya kwanza.

Tatizo la majina ni kubwa hapa. Hati ina majina mawili, kitambulisho kina matatu, cheti cha kifo kimeandika jina la ubatizo ambalo halimo kwenye hati. Tofauti ndogo ya tahajia humalizwa kwa kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Aliye hai na aliyebadili jina kabisa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Shughulikia majina kabla ya tangazo, kwa sababu tangazo litatumia jina lililoko kwenye daftari.

Ardhi ya kijiji

Hati ya Hakimiliki ya Kimila haipiti kwa Msajili wa Hati wa mkoa. Inasainiwa na Mwenyekiti wa Kijiji na Mtendaji wa Kijiji, na kusajiliwa Masjala ya Ardhi ya Wilaya. Hutolewa nakala tatu: moja ya mwenye ardhi, moja ya Masjala ya Ardhi ya Kijiji, moja ya wilaya. Ukipoteza yako, zimebaki mbili.

Anzia kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ndiye mtunzaji wa masjala ya kijiji. Ombi liwe la maandishi, na liwe na majina ya wanaopakana nawe pande zote nne, kwa sababu kijijini mipaka hujulikana kwa watu kuliko kwa namba. Vijiji vingine masjala ni sanduku au kabati ofisini, na mvua na panya wamefika. Basi nakala ya wilaya ndiyo tegemeo, na unaipata kwa Afisa Ardhi wa Wilaya ukiwa na barua ya kijiji. Kijiji kikiwa kimegawanywa baada ya hati kutolewa, tafuta kwenye kijiji mama kwanza.

Barua ya toleo na leseni ya makazi

Wengi wanaosema wana hati wana barua ya toleo. Barua hiyo inatoka kwenye jalada la Halmashauri, na nakala yake inaombwa kwa Afisa Ardhi kwa namba ya kiwanja na risiti za malipo ya awali. Ikipatikana, endelea mpaka hati itoke. Leseni ya makazi pia inafuatiliwa Halmashauri, na kwa kuwa ni ya muda mfupi, angalia kwanza kama haijaisha.

Ukiwa mbali

Anayeishi nje ya mkoa au nje ya nchi anaweza kumtuma mtu, kwa hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja na kazi yenyewe: kupekua, kuomba, kupokea. Usitoe uwakilishi wenye maneno "kuuza, kuhamisha au kuweka rehani" kwa kazi ya kufuatilia nakala. Soma kila mstari kabla ya kusaini, kwa sababu fomu nyingi za kunakili zina maneno hayo ndani yake. Ukiwa nje ya nchi, saini mbele ya ubalozi wa Tanzania au mthibitishaji anayetambulika. Kiapo cha upotevu kiape wewe mwenyewe ulipo, kwa kuwa wewe ndiye unayejua hati ilikuwa wapi.

Siku ya kupokea

Usisaini daftari la kupokelea kabla hujasoma. Linganisha jina, namba ya kiwanja, kitalu, mita za mraba, matumizi ya ardhi, tarehe ya kuanza miliki na idadi ya miaka, dhidi ya majibu ya upekuzi uliyoyapata mwanzoni. Tarehe ya kuanza miliki ni ya kutazamwa mara mbili: hati badala ya iliyopotea haiongezi miaka wala kupunguza. Angalia ramani iwe ya kiwanja chako, umbo lake na namba za majirani. Kosa likionekana ukiwa bado dirishani hurekebishwa na ofisi. Likionekana baada ya mwaka, linakuwa ombi jipya lenye viambatisho vipya.

Ukifika nyumbani, toa kopi mbili na zipelekwe kwa wakili kugongwa muhuri. Piga picha kurasa zote na uzihifadhi mahali unapoweza kuzifikia hata simu ikiibiwa. Usilaminishe hati halisi: uhamisho au rehani ikisajiliwa baadaye, hati hupelekwa kwa Msajili kuandikwa na kugongwa muhuri, na juu ya plastiki haviwezekani. Na kama hati ya zamani itajitokeza siku moja kwenye sanduku la bibi, ipeleke kwa Msajili, uombe uandikiwe kwamba imepokelewa.